Chupa ya Kumnyonyesha Malkia

Jumatatu, 3 Juni

Mume wangu ana kope ndefu. Zikijaa unga anafanana na malaika aliyeshushwa duniani kuja kusaga mahindi. Leo asubuhi nilimtazama akifunga kamba za viatu nikasahau chai jikoni, ikamwagika yote. Hakugomba. Alisema chai iliyomwagika kwa ajili yake ni kama ameshainywa. Nani mwingine anasema maneno kama hayo? Mume wangu! Nimeandika tena ili nione linavyopendeza: mume wangu.

Nimeanza shajara hii kwa sababu furaha imejaa kifuani mpaka inanikaba. Na kwa sababu nina mpango.

Siku ya harusi baba alitupatia meza ndogo na viti viwili. Changu kimeshaanza kulia nikikikalia. Cha pili bado kina nailoni yake. Mume wangu hajawahi kuja kula chakula cha mchana nyumbani. Hata mara moja! Nakula nikitazamana na nailoni. Na wa kulaumiwa ni Malkia.

Malkia ni beringi. Naandika wazi, nisije nikazeeka nikasoma hapa nikadhani niliolewa uke wenza. Kwenye kinu cha kusaga anachokiendesha mume wangu kuna shafti moja ndefu inayozungushwa na injini, nayo imelala juu ya beringi saba. Sita zina vikombe vya grisi. Asubuhi anakaza vifuniko, grisi inaingia, basi, zinajitegemea kutwa. Hizo anaziita wapambe. Ya saba, ya katikati, ni ya zamani. Haina kikombe. Ina tundu tu utosini, nayo inataka oili tone kwa tone kutoka kwenye kopo lenye mdomo mrefu kama wa korongo. Ikikosa, inachemka. Huyo ndiye Malkia. Fungate yetu ilikatika siku ya pili kwa sababu yake: alichemka mikononi mwa kibarua, mume wangu akaitwa, akaenda na shati la harusi.

Nimeona kwa macho yangu anavyompima joto. Kwa mgongo wa mkono, polepole, kama anagusa shavu. Hivyo hivyo anavyonipima mimi nikisema kichwa kinaniuma. Siku hizi kichwa kinaniuma sana.

Mpango wenyewe: Malkia ajinyweshe oili mwenyewe, mume wangu aje kula. Nimemaliza kidato cha nne. Fizikia nilipata C. Nitashindwa na beringi?

Jumanne, 4 Juni

Utambi! Kidato cha tatu tulifundishwa jinsi mafuta yanavyopanda utambi wa taa. Nimechukua kopo la jemu, nimesokota pamba vizuri kama nasuka nywele. Ncha moja ndani ya kopo la oili, ncha ya pili kwenye tundu la Malkia. Nilimpelekea mume wangu maji ya kunywa jioni, na alipokuwa anafunga madirisha nikamvisha Malkia utambi wake chapuchapu. Sikumwambia. Kesho atafika, ataona, atalia kwa furaha, saa saba atakuwa kwenye kiti.

Nimetoa nailoni. Nimeirudisha. Aitoe mwenyewe.

Jumatano, 5 Juni

Utambi haujui kwamba kinu kimefungwa.

Umeshusha oili usiku kucha. Kopo zima! Malkia alishiba akatapika, oili ikafuata shafti mpaka kwenye mkanda unaotoka kwenye injini. Asubuhi mume wangu alipowasha injini, mkanda uliteleza, ukapiga kelele, ukachomoka kama nyoka aliyekanyagwa na kuangukia mizani. Foleni ilifika barabarani. Mama mmoja mwenye debe kichwani akauliza kwa sauti kama unga wa leo unatoka umeshakaangwa. Wapakuaji wa magunia wakafa kwa kicheko.

Mume wangu alishinda anafuta mkanda kwa majivu. Jioni nilikiri kabla hajavua viatu. Nilitegemea agombe. Akauliza utambi ule nani kausokota. Nikasema mimi. Akasema umesokotwa vizuri mno, kosa lake ni bidii tu.

Bidii! Nampenda mtu huyu mpaka naumwa meno.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefikiri upya. Kifaa kinachotakiwa ni kile kinachofanya kazi Malkia akiwa na joto, na kulala Malkia akiwa baridi. Kitu gani kinayeyuka kwa joto na kuganda kwa baridi? Kipo jikoni kwangu! Mafuta ya kupikia ya kopo, yale meupe. Nimemwomba mume wangu ruhusa safari hii, maana mimi si mtu wa kurudia makosa. Alikubali kwa sharti kwamba kopo lake la oili liwe karibu. Tumemjaza Malkia bonge zuri utosini, kama kilemba.

Jumamosi, 8 Juni

Malkia alipata joto, kilemba kikayeyuka, kikamwingia, akapoa. Kama nilivyosema! Kwa muda wa kusaga debe mbili nilikuwa mwanamke mwenye akili kuliko wote mtaani.

Halafu kinu kizima kikaanza kunukia kama jikoni. Wateja wakaulizana nani anakaanga, na kwa nini hawakaribishwi. Mpakuaji mmoja aliondoka kwenda kutafuta chakula akiwa na gunia la watu begani. Kisha wakaja paka. Sijui walitoka wapi wote wale. Mmoja alipanda juu ya gunia, akamlamba Malkia kichwani huku shafti inazunguka, bila wasiwasi wowote. Mume wangu aliwafukuza kwa fagio kutwa. Kopo la oili mkono wa kulia, fagio mkono wa kushoto. Sasa kazi yake imekuwa mbili.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alipita na kusema anaona kaka yake amekonda tangu aoe. Nikamwambia ni mapenzi. Akasema yeye anaona ni paka.

Jumapili, 9 Juni

Wifi ana duka la dawa. Nilikwenda kununua dawa ya kichwa (kile kichwa changu) nikaiona kwenye rafu. Chupa ya kunyonyeshea mtoto! Ina chuchu ya mpira, ina tundu dogo kabisa. Ukiipindua inatoa tone, unangoja, inatoa tone. Nilisimama pale nimeishika, machozi yananilengalenga. Tone kwa tone, kutwa nzima, na jioni unambana chuchu kwa kibanio cha nguo, analala.

Wifi aliitazama chupa. Akanitazama mimi. Akatazama tumbo langu. Akauliza ya nani. Nilitaka mume wangu asijue mpaka kifaa kikamilike, kwa hiyo nikamwambia wifi yangu, tafadhali, hii ni siri.

Akaapa. Akanifungia chupa ndani ya gazeti mara tatu.

Jumatatu, 10 Juni

Mama mkwe amefika kabla sijafagia.

Amekuja na mto wa kuegemea, sufu ya rangi ya manjano na sindano zake za kufumia. Amenikalisha kwenye kiti changu. Ameninyang'anya fagio. Akasema mwanangu, kuinama basi, kuanzia leo tunainama sisi. Akaniuliza kama nasikia kichefuchefu. Nikasema hapana. Akasema ndiyo mwanzo wa mtoto wa kiume.

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Wallahi nilifungua. Lakini alikuwa ameshachutama anafua shuka zangu, anaimba. Mama mkwe! Yule aliyesema siku ya harusi kwamba mkono wangu ni mzito wa chumvi! Nikaufunga mdomo polepole. Kunyamaza si kusema uongo. Nitamwambia kesho, nguo zikishakauka.

Jioni alikuwa ameanza kofia. Ndogo kama ngumi. Nilipoiona nilijifanya nimelala.

Jumanne, 11 Juni

Sijamwambia. Amepika.

Jumatano, 12 Juni

Leo yametokea mengi. Niandike kwa mpangilio.

Saa saba mchana mlango ulifunguka kwa kishindo. Mume wangu! Ana unga mpaka masikioni, anahema kama amekimbizwa na mbwa. Wapakuaji walikuwa wamemwita Baba Kijacho tangu asubuhi, akadhani ni utani wa paka, mpaka mama mwenye debe alipompa hongera kwa dhati na kumshauri anunue karai la kuogeshea mtoto. Akaacha kila kitu akaja mbio.

Akakaa kwenye kiti cha pili. Juu ya nailoni! Nailoni ikalia chini yake. Ilikuwa saa saba, mume wangu yupo mezani, na chakula kimeiva. Kila kitu nilichokitaka. Akanishika mikono miwili, akauliza kwa nini wa kwanza kujua ni foleni ya kinu na si yeye. Hakuuliza kwa hasira. Kope zilikuwa zimelowa, unga umegeuka uji.

Nikashindwa. Nilitoa chupa chini ya kitanda nikamwambia ni ya Malkia.

Aliipokea, akaipindua, akaitazama chuchu. Nilisikia saa ya ukutani na, mbali kidogo, kinu. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akalaza kichwa mezani, akasema mke wangu, wewe umetaka kumwachisha Malkia kopo umpe chupa. Nami nikacheka. Tulikuwa tunacheka hivyo, tumeshikana, aliponyamaza ghafla na kuinua kidole.

Kinu kilikuwa kinapiga yowe.

Alikuwa amemwacha Malkia bila mtu. Alimwacha kwa ajili yangu! Alikimbia, nikakimbia nyuma yake na kijiko mkononi, lakini tulipofika shafti ilikuwa imeshakamata, haizunguki tena. Moshi. Harufu ya chuma kilichoungua. Shaba ya ndani ya Malkia, ile bushi inayobeba shafti, imeyeyuka pembeni kama mshumaa.

Tajiri mwenye kinu alikuja na viatu vyake vinavyong'aa. Hakupaza sauti, jambo ambalo ni baya zaidi. Alisema Jumamosi asubuhi atakuja kumgusa Malkia kwa mkono wake. Akimkuta anazunguka na amepoa, vizuri. Akimkuta vinginevyo, ana mpwa wake amemaliza chuo cha ufundi, yuko nyumbani anafuga ndevu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemwambia mama mkwe. Nimemwambia nikiwa nimepiga magoti, maana sikujua nikae vipi. Alikunja sufu yake, akachukua mto wake wa kuegemea, akaondoka. Kofia ilikuwa imekwisha, imebaki kukata uzi tu. Aliondoka nayo mfukoni.

Wifi amenitumia ujumbe kwamba chupa zilizofunguliwa hazirudishwi dukani.

Mume wangu anakwangua bushi ya akiba. Kazi ya mikono tu. Anapaka masizi kwenye shafti, anaiweka bushi, anazungusha kidogo, anaitoa. Penye weusi ndipo panapogusa, anapakwangua. Anapaka tena. Masizi ni ya sufuria yangu! Nilimletea sufuria nzima, akasema masizi yangu ni laini kuliko yote aliyowahi kutumia. Mpwa wa tajiri alikuja kusimama mlangoni na ndevu zake, akauliza kama kazi bado. Mume wangu akamjibu kwa upole kwamba akiona kiza, ni yeye amesimama mlangoni.

Ijumaa, 14 Juni

Malkia anazunguka! Na tumemtundikia chupa.

Mwanzoni ilitoa matone machache ikanuna. Mume wangu akasema inakosa pumzi, akatoboa kitako cha chupa kwa msumari wa moto ili hewa iingie. Tone! Tone! Tukakumbatiana. Mpakuaji mmoja akasema siku hizi hakuna anayejua kama hapa ni kinuni au kliniki.

Halafu tukasaga debe mbili, na chuchu ikaziba. Unga! Unaruka hewani, unaingia kwa tundu lile lile la pumzi, unakutana na oili, unakuwa donge. Tukasafisha. Ikaziba. Tukaweka karatasi juu ya tundu, oili ikagoma kushuka. Tukaondoa karatasi, donge likarudi. Mume wangu akakaa juu ya gunia. Sijawahi kumwona amekaa kazini. Akasema labda mpwa yule ni kijana mzuri. Nikamwambia akisema tena neno hilo nitarudi kwetu, halafu nikalia, maana siwezi kurudi kwetu, kwetu hakuna kope zile.

Hapo akaingia mama mkwe.

Aliingia kama mteja, na debe la mahindi, hakutusalimia. Alimtazama Malkia. Aliitazama chupa, ikining'inia kichwa chini juu ya mashine nyeusi. Nikaona mdomo unamtetemeka. Akauliza ndiye huyo mjukuu wake? Akasema basi huyu kafanana na upande wa mama yake, mdomo wazi na kichwa kimejaa unga.

Wapakuaji walianguka juu ya magunia. Mume wangu alishika ukuta.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kofia ya manjano, akaivuta juu ya kitako cha chupa. Akasema mtoto haachwi utosi wazi kwenye vumbi. Alisema kwa mzaha, nadhani. Lakini sufu inapitisha hewa. Unga haupiti! Tulisaga debe lake lote. Tone. Tone. Tukasaga mpaka jioni. Tone. Haikuziba!

Nilimbusu mama mkwe mkono, akanipiga kofi dogo shavuni, akasema bado ananidai kichwa cha kuvaa kofia ya pili. Nikasema ndiyo, mama.

Jumamosi, 15 Juni

Tajiri alikuja. Aliweka mgongo wa mkono juu ya Malkia, akauacha pale. Mume wangu hapumui. Mimi sipumui. Tajiri akasema huyu amepoa kuliko mke wake mwenyewe, akatazama chupa yenye kofia, akafungua mdomo aulize, akaghairi. Alipotoka nje tulimsikia akimwambia mpwa wake anyoe ndevu atafute kazi.

Mume wangu amebaki! Na Malkia anajinywesha mwenyewe! Jumatatu saa saba mume wangu atakula nyumbani kwa amani, bila yowe la mtu wala la beringi.

Jumatatu, 17 Juni

Saa saba alikuja. Nilivaa gauni la buluu. Niliweka sahani mbili. Aliingia anang'aa, akanibusu paji la uso, akachukua kiti cha pili, akakiweka begani, akatoka.

Nilisimama pale na mwiko.

Nilimfuata. Amekiweka mbele ya Malkia, amekaa, amekunja mikono, anatazama tone likikusanyika, likinenepa, likianguka. Akanionyesha kwa kidole kama mtu anayeonyesha mwezi. Akasema hajawahi kuona kitu kizuri hivyo, na kimetoka kwenye kichwa cha mke wake. Anataka kukitazama kila siku saa za kula.

Nirudi nyumbani nikatazame ukuta? Nilichukua kiti changu, nikachukua sufuria, nikaja kukaa kando yake. Kumbe pale mtu hasikii hata anachotafuna. Tulikula tukiongea kwa macho. Chakula kilikuwa na unga juu kama theluji ya kwenye picha. Mama mkwe alipita akatukuta, akaenda kuleta kigoda chake. Amesema chumvi leo imekaa sawa. Nadhani ndicho alichosema, injini ilikuwa inanguruma.

Oili imeniruka kwenye gauni la buluu, tone moja, upande wa moyo. Sitalifua kamwe.

Lakini nimekaa pale nikawatazama wapambe. Sita! Kila asubuhi mume wangu anainuka mapema kitandani kwenda kukaza vifuniko vyao vya grisi, mmoja mmoja. Hivyo vikombe vinafanya kazi yao vizuri, anasema, tuwaache. Anasema hivyo kwa sababu hana makuu. Mimi nimehesabu muda huo, ni muda wetu, ni muda wa chai ya pili na kope bila unga.

Kesho nakwenda dukani kwa wifi. Nimeziona bado zipo, rafu ya juu, chupa sita. Nitazinunua zote. Nitamwambia ni siri.